Sitini na Tisini

Mzee wangu nikimtuma soko la Langas, hapa Eldoret, kununua vitunguu, hunirudia na vitunguu vizuri na hesabu mbaya. Muuzaji akimwambia sitini, yeye husikia tisini. Akiambiwa tisini husikia sitini, kisha akabaki kushangaa mbona binti wa watu bado amekinga mkono. Zamani alikuwa akigombana nao. Siku hizi hagombani; hutoa noti ya mia, akapokea chenji yoyote atakayopewa, akaitia mfukoni bila kuihesabu, na kusema kweli ugomvi ule wa zamani haukuwa ukiniuma hivi. Kuna binti mmoja pale karibu na stendi ya bodaboda ambaye ameshamwelewa. Yeye huchukua kalamu, akaiandika bei kwenye kiganja chake mwenyewe, halafu akamfungulia mzee kiganja taratibu, kama anayempa mkono. Mzee husoma, akacheka, akalipa. Mungu ambariki binti yule.

Maneno hayo mawili ukiyasema polepole utaona yana herufi zilezile, zimebadilishana viti tu. Kinachoyatenganisha ni s na t, na hizo ni sauti nyembamba, nyepesi, mfano wa makapi juu ya ungo. Vokali ndizo punje. Ni nzito, hubaki. Mlio wa bunduki ukipita sikioni mara nyingi hupeperusha zile nyepesi kwanza: s, t, f, sh, k. Shida ni kwamba katika maneno ya watu, makapi hayo ndiyo yenye maana. Kwa hiyo mzee wangu hasemi kwamba hasikii. Anasema watu wa siku hizi wanaongea ovyo, hawafungui midomo. Nimeyasikia maneno hayo kwa wanaume wengi, hata ikafika mahali mtu akiingia kliniki akiyatamka, nikawa namuuliza tu, "Ulikuwa jeshi au polisi?"

Kazi yangu ilikuwa masikio. Miaka 31 nimeshika tochi ndogo katika hospitali moja ya mji huu, nikichungulia masikio ya watoto yenye usaha, ya akina mama yaliyoingia punje za mahindi wakati wa kupura, na ya wanaume waliokaa karibu na bunduki. Hao wa mwisho ndio waliokuwa wakinisumbua moyo, kwa sababu ukichungulia huoni kitu. Ngoma ya sikio iko pale, nzima, nyororo kama utando wa kitunguu. Hakuna damu, hakuna usaha, hakuna cha kuosha. Mtu anakutazama akitumaini utamwambia ni nta tu imejaa. Wake zao walikuwa wakiketi pembeni, wamechoka kwa kurudia kila neno mara tatu, na mara nyingi wao ndio waliokuwa wamewaleta.

Sasa mjukuu wangu amepita usaili wa jeshi, anangoja siku ya kuingia Moi Barracks, ambako ndiko makuruta wa Kenya hufundishwa. Tumefurahi sana. Juzi jioni alikuwa amekaa jikoni akinimenyea viazi, nikamwambia habari ya masikio, naye akanijibu kwa upole wote aliolelewa nao: "Nyanya, hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi bunduki zina sailensa." Akaendelea kumenya viazi. Sikukasirika. Nimeshaisikia hiyo pia, na kabla ya sailensa ilikuwa pamba, na kabla ya pamba ilikuwa "mwanaume haogopi mlio". Basi ninayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine walio na mtoto anayeelekea huko.

Mji wetu huu, ambao wazee bado wanauita Sisibo kwa ile namba 64 ya shamba, watu wanaujua kwa wakimbiaji. Ni kweli, na hata mbio zenyewe huanza kwa mlio wa bastola. Lakini bunduki iko karibu nasi kuliko tunavyosema. Makuruta wanalenga shabaha hapa. Kenya Ordnance Factories Corporation, iliyoundwa kuwa shirika la serikali mwaka 1997, inatengeneza risasi hapa hapa Eldoret. Ukiteremka ukapita Iten ukaingia Bonde la Kerio, utakuta askari wa akiba wa vijijini ambao wamebeba bunduki tangu wakiwa vijana, na wengi wao hawajawahi kukiona kizibo cha sikio. Kisha kuna walinzi, kuna polisi, kuna waliorudi kutoka Somalia baada ya jeshi letu kuingia huko Oktoba 2011. Watu hawa wote hurudi nyumbani kwa mtu fulani, wakaketi mezani, wakaulizwa kama wataongezwa ugali.

Tuanze na hiyo sailensa, maana ndiyo iliyoniketisha kuandika.

Kila mtu hapa anaijua sailensa ya pikipiki. Vijana wetu huikata ili pikipiki ingurume, wakapita Uganda Road usiku tukiamka wote. Ya bunduki, ambayo magazeti huiita kiwambo cha sauti, ni ndugu yake, na uchungu wa habari hii ni kwamba ilitoka katika nyumba ya kiziwi. Hiram Maxim, mzaliwa wa Marekani aliyehamia London, alitengeneza mwaka 1884 bunduki ya kwanza ya kujipakia yenyewe na kumimina risasi mfululizo. Bunduki hiyo ilikuja na wakoloni mpaka huku kwetu. Walikuwa nayo walipowapiga Wanandi katika vita vile ambamo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Maxim mwenyewe alikaa karibu sana na bunduki zake akizijaribu, mpaka uzeeni akawa hasikii. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza ya kiwambo cha sauti mwaka 1909. Baba aliwasha moto na mwana akatafuta kifuniko. Kifuniko kilifika masikio ya baba yakiwa yameshaungua.

Kiwambo kinafanyaje kazi? Chukua chupa ya soda uitikise, uifungue kwa ghafla: itapiga na kuruka ukutani. Ifungue kidogo kidogo, uiachie hewa itoke kwa pumzi ndefu: italia "shhh" na kutulia. Baruti ikiwaka ndani ya bunduki hutoa hewa ya moto yenye nguvu nyingi, na hewa hiyo ikitoka mdomoni mwa mtutu kwa mara moja ndiyo hupiga ule mshindo. Kiwambo ni bomba lenye vyumba vyumba. Hewa huzungushwa humo, ikapoa, ikatoka imechoka. Ni akili nzuri. Hupunguza sauti kwa desibeli 20 hadi 35 hivi.

Sikiliza sasa. Bunduki kubwa za vita mlio wake hupita desibeli 155. Toa 25 ubaki na 130 na kitu. Hiyo si "pyu" ya kwenye sinema. Hiyo bado ni kelele ya kuumiza, tena mtu hapigi risasi moja akaenda nyumbani. Na risasi yenyewe ikishatoka, inakwenda kasi kuliko sauti. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya AK-47 hupita 700. Inapopasua hewa inalia kama mjeledi njia nzima, na kiwambo kilichobaki kwenye mtutu hakina la kuufanya mlio huo. Zaidi ya hayo, bunduki inayojipakia yenyewe hurudisha sehemu ya hewa ile nyuma, karibu na shavu lako. Kwa hiyo kiwambo ni kifuniko cha sufuria: kinapunguza mvuke, na hakuna mpishi anayetia mkono kwenye maji yanayochemka kwa sababu sufuria ilikuwa na kifuniko.

Halafu, mjukuu wangu, nani amekwambia utapewa? Kuruta hupewa bunduki ya kawaida, akalala chini kwenye mstari na wenzake kushoto na kulia, na bunduki ya jirani inapiga sikio lako kuliko yako mwenyewe. Na kwa raia, kiwambo kinahesabiwa na sheria ya bunduki ya Kenya pamoja na bunduki yenyewe, si kitu cha kununua Nairobi ukafunga upendavyo. Kule Norwe na Ufini wawindaji hukifunga wazi, kwa ajili ya masikio yao na ya majirani. Sisi uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwetu kiwambo kimejulikana zaidi kwa majangili wa vifaru. Hivyo usikiweke katika hesabu zako. Ukikipata siku moja, vizuri. Vaa na vizibo.

Nakuja kwenye sikio lenyewe. Hapa naomba univumilie kidogo.

Ndani kabisa, nyuma ya ngoma na vifupa vitatu, kuna kitu kimejizungusha kama konokono, kidogo kuliko punje ya haragwe. Humo mna vinyweleo vya kusikia, chembe elfu 15 au 16 kwa kila sikio, na hizo ndizo unazopewa siku ya kuzaliwa. Hazizidi. Zimesimama kama ngano ya Uasin Gishu mwezi wa nane: upepo wa kawaida ukipita zinainama na kuinuka, na kuinama huko ndiko kusikia. Mshindo wa bunduki ni mvua ya mawe. Nyingine hulala zikainuka kesho yake, nyingine huvunjika shina. Iliyovunjika haioti tena. Wanasayansi waligundua miaka ya 1980 kwamba kuku vinyweleo vyake vikiharibika huota upya, akarudi kusikia. Kuku huyu huyu tunayemkimbiza uani. Binadamu hapana. Nimewahi kumweleza hivyo sajini mmoja mstaafu, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo kuku amenishinda." Tukacheka sote wawili, halafu akafuta macho.

Watu huona desibeli kama vijiko vya sukari, kwamba 158 ni 140 na vijiko 18 juu yake. Sivyo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa maradufu. Kutoka 140 hadi 158 ni maradufu mara sita. Ulikuwa na gorogoro moja la mahindi, sasa unayo 64. Hilo ni gunia la kilo 90 na linamwagika. Na hiyo 140 yenyewe ndiyo ukingo. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kudhibiti kelele mahali pa kazi zinasema hakuna mfanyakazi atakayekaa kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, wala kupigwa hata mara moja na mshindo wa kupita 140. Hata mara moja. Bunduki inaruka ukingo huo kwa risasi ya kwanza.

Na sasa lile neno ambalo nimelisikia kuliko mengine yote. "Mama, sikio langu limeshazoea." Kuruta wiki ya kwanza akitoka kwenye shabaha masikio humvuma, huzibika kama mtu aliyetiwa pamba, sauti za wenzake zikawa za mbali. Akilala anaamka yamefunguka. Wiki ya pili hivyo hivyo. Mwezi wa sita mshindo haumsumbui tena, naye anajipongeza kwamba ameiva. Ninaelewa kwa nini. Mikono ya mpishi huzoea moto; mimi naweza kugeuza chapati kwa vidole, na mkwe wangu akijaribu anaruka. Lakini ngozi huota sugu. Sikio halioti sugu. Kinachofanya mshindo usikusumbue tena ni kwamba waliokuwa wakikupigia kelele kule ndani wamekufa.

Wanaolenga kwa mkono wa kulia, sikio la kushoto ndilo hutangulia, kwa sababu ukiegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki, sikio la kushoto linatazama mtutu na la kulia limejificha nyuma ya kichwa. Mwangalie mzee yeyote aliyekuwa askari ukimsemesha. Atageuza uso kidogo akuletee sikio la kulia. Mzee wangu hufanya hivyo hata akiwa peke yake akisikiliza redio.

Sababu za kutovaa vizibo nazijua, na sizidharau. Kijana ana miaka 19, wenzake wanamtazama, mkufunzi ana sauti kama radi na saa moja ya kuwamaliza watu mia. Ni nani atakayeinua mkono kusema ngoja nizibe masikio? Wengine husema, nitasikiaje amri? Swali la haki. Lakini amri kwenye uwanja wa shabaha hutolewa kwa sauti kubwa, kwa firimbi, kwa bendera nyekundu, na kizibo hakiondoi sauti yote. Kinaipunguza kama pazia linavyopunguza jua. Siku hizi kuna hata vifuniko vya masikio vya umeme ambavyo hupitisha maneno na kuukata mshindo. Wengine husema adui hatakusubiri uvae. Hilo pia ni kweli. Wale askari wa akiba wa Kerio, ng'ombe wakichukuliwa saa kumi za usiku, hawana muda wa vizibo, na sitathubutu kumlaumu mtu aliyeokoa watoto wake. Ila adui haji kwenye uwanja wa shabaha. Pale risasi zimehesabiwa, saa inajulikana, na ndipo masikio mengi niliyoyaona yalipokwisha: mazoezini, siku ya jua, hakuna aliyekuwa anafukuzwa na mtu.

Wapo wanaojiziba kwa lolote. Kishungi cha sigara. Ganda la risasi. Pamba, mpaka karatasi ya chooni iliyotafunwa; nimezitoa zote kwa koleo. Pamba ni kama kuzuia maji kwa ungo. Kibaya zaidi inampa mtu moyo wa kukaa karibu. Na hata kizibo cha kiwandani si cha kukiamini kwa sababu ya jina lake tu. Jeshi la Marekani lilinunua kwa miaka mingi aina moja iliyouzwa na kampuni ya 3M, nao wanajeshi zaidi ya 200,000 wakashitaki kwamba kilikuwa kifupi, kilikuwa kinalegea sikioni bila mwenyewe kujua. Kampuni haikukubali kosa, lakini mwaka 2023 ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza kesi hizo. Huko kwao, masikio kuvuma ndilo dai la kwanza kwa wingi miongoni mwa askari wastaafu wanaolipwa fidia ya ulemavu. Nchi yenye kila kitu, na bado.

Basi tazama mikono yangu, kama ulivyotazama nilipokufundisha chapati. Osha mikono kwanza. Mafuta ya bunduki hayana kazi sikioni. Chukua kizibo cha sponji ukisokote kati ya vidole polepole, pasiwe na mkunjo, mpaka kiwe chembamba kama utambi wa taa. Mkono wa pili upitishe juu ya kichwa, ushike sikio la upande ule, ulivute juu na nyuma, ndipo njia inanyooka. Kisukume ndani, ukishikilie kwa kidole, usiondoe. Hesabu hadi 30, bila haraka, kama unayengoja maziwa yapande. Kinavimba humo na kujaza. Kikibaki kimening'inia nje kama kishikizo cha shati, hujavaa kitu, anza tena. Halafu jijaribu: ziba masikio kwa viganja vyote viwili, uachilie. Ukiona sauti haibadiliki sana, umevaa vizuri. Ukiona ghafla dunia imepungua kelele ulipoziba, kizibo chako kinavuja. Juu yake weka vile vifuniko vikubwa, kama vipo. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inawashauri wapiga bunduki kuvaa vyote viwili. Na usimwazime mwenzako kizibo ulichotumia.

Jambo jingine: kapimwe masikio kabla ya kuingia. Mtu akienda sokoni na gunia hupima kabla ya kuuza. Miaka 20 baadaye ukienda kudai, swali la kwanza litakuwa ulikuja na masikio ya namna gani, na wengi hawana jibu. Nimeandika barua nyingi za kuwasaidia wastaafu kudai, na nyingi zilikwama hapo.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wanasema juu ya ukaidi. Mimi nimekaa na masikio yanayokufa kweli, na ushahidi wangu ni kwamba yalikuwa yanaisikia dawa vizuri kabisa. Wenyewe tu hawakuambiwa, au waliambiwa na mtu aliyekuwa na haraka.

Nikisema athari za jambo hili ni hela za vitunguu nitakuwa nimewadanganya. Uziwi wa namna hii ni kuhama nyumba ukiwa bado umekaa ndani yake. Mzee wangu alianza kuacha mikutano ya ukoo, akasema ni mirefu. Akaacha simu, akasema inamaliza pesa. Kwenye arusi huketi mwisho kabisa, na watu wakicheka, yeye hucheka baada yao, akitazama nyuso ajue kama ni wakati. Sauti za watoto ni nyembamba. Wajukuu wakija humkimbilia, wakamweleza habari ya shule kwa pumzi moja, naye hutikisa kichwa na kusema "vizuri, vizuri", hata pale mtoto alipomwambia ameanguka akaumia goti. Mtoto husimama kidogo, akamtazama, akaja kwangu. Usiku ndani ya masikio yake kuna nyenje wanalia, miaka 20 sasa, hawalali. Tulimpatia mashine ya kusikia. Inamwongezea sauti, lakini s na t haiwezi kumrudishia, maana hakuna wa kuzipokea. Akawa anasikia sufuria zikigongana kuliko anavyonisikia mimi. Iko kabatini.

Na hapo kabatini kuna kikombe cha udongo cha zamani, kimevunjika mkono. Nilipokuwa bado msichana wa Mombasa aliyeolewa na askari, kabla sijasomea masikio, nilikuwa nikimfulia magwanda kila Jumamosi, nikapapasa mifuko nisije nikalowesha hati. Nilikuwa nakuta vizibo vya manjano, viwili viwili, ndani ya karatasi yake, havijafunguliwa. Alikuwa akipewa, akitia mfukoni, akaenda kufundisha watu kupiga shabaha kutwa nzima. Wakati ule alikuwa akisikia maziwa yakianza kupanda jikoni naye yuko uani, akaniita niyaepue. Mimi nilikuwa navitoa mfukoni, naviweka kwenye kikombe kile, na sikumuuliza. Kilijaa.

Mjukuu wangu, begi lako nimelipanga jana. Sabuni iko pembeni, soksi ziko chini, na sindano na uzi nimetia kwenye kopo la chai. Kabla hujapewa risasi ya kwanza, omba vizibo. Ukiambiwa leo havipo, viko mfuko wa kulia wa suruali, jozi kumi. Nimeshazifungua karatasi zote.